Pointi za Yasunori

"Yasunori, mwizi wa pointi wewe!" nilimfokea.

Katika mchezo wetu wa bunduki za risasi za plastiki, hapa Chiba, aliyepigwa huinua mkono mwenyewe. Yasunori alikuwa hajainua wake tangu Aprili, na ndiye aliyeongoza orodha. Mimi, mtunza pointi, nikashika kalamu nimfute.

"Kaka, naapa sijapigwa," alisema, akavua shati, akanipa mgongo.

Upande wa kushoto ulikuwa na alama saba nyekundu za risasi, kila moja kama punje ya njegere. Moja ilivuja damu. Wenzake wakaangua kicheko.

Niliibonyeza ile yenye damu kwa kidole. Hakushtuka. Nikaibonyeza tena, kwa ukucha, mpaka damu ikanichuruzikia mkononi. Kicheko kikakatika.

"Mbona kimya?" akauliza Yasunori. "Haya, nikagueni basi. Nasubiri."