Swali la Pimbi

Hapo kale majabali yalipokuwa na wanafunzi, wanyama walijisomea jiometri ya aljebra, elimu ya maumbo yanayochorwa kwa milinganyo, bila mwalimu, wakifundishana kwa zamu. Kiongozi wao alikuwa Nguchiro, mwenye majivuno. Siku moja Pimbi alimwuliza, "Mwenzangu, kwa nini mstari huu uliopinda unajikata hapa?"

"Hilo hata mtoto analijua," Nguchiro akajibu. Wenzao wakacheka, na Pimbi hakuja tena.

Zamu ya Nguchiro ya kufundisha ilipofika, alikwama palepale mstari ulipojikata. Akawatazama wenzake; wote wakainamisha vichwa, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Akaenda pangoni kwa Pimbi, uso umemshuka. "Nisamehe. Jibu la swali lako silijui."

"Nilijua hulijui," Pimbi akasema. "Niliuliza ili tulitafute pamoja."

Nguchiro akakosa pa kuuficha uso wake.