Nafasi ya Wakonyo

"Mlete Wakonyo sasa hivi. Nafasi imepatikana. Asile kitu, hata maji asinywe."

Simu ikakatika. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Ngatia alikuwa ameinama chini ya ng'ombe akikamua. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye homa, lakini maneno aliyasikia vizuri. Alikuwa ameyangoja miezi kumi na minne.

Aliacha ng'ombe nusu, akamvika binti yake sweta mbili, akamwomba jirani awatoe kwao Tetu kwa pikapu hadi hospitalini mjini Nyeri. Wakonyo alikuwa na miaka mitano na mshipa wa moyo ambao haukujifunga alipozaliwa. Akipanda kilima kidogo tu, lazima akae chini apumue. Vipimo vilikuwa tayari zamani. Kilichokosekana ni zamu, kwa sababu daktari wa upasuaji alikuja mara moja kwa mwezi, akahudumia watoto wachache, akarudi Nairobi.

Muuguzi Tabby aliwapokea mlangoni.

"Mmefika vizuri. Saa tatu ingepita kama hakuna mtoto tayari, daktari angefunga kazi."

Akamchukua Wakonyo, akaingia naye.

Kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji alikaa Samiha, mama wa pale mjini ambaye Ngatia alizoea kukutana naye kliniki. Binti yake, Sumayya, alikuwa na ugonjwa uo huo. Kila mwezi wasichana hao waligawana mandazi huku wazazi wao wakiambiwa tarehe imesongezwa tena. Mwezi huu jina la Sumayya lilikuwa la kwanza, na alikuwa amelazwa tangu jana.

"Sumayya yuko aje?"

"Amepumzika," Samiha akasema.

Ngatia akashusha pumzi. Angalau mmoja ametoka salama.

Walikaa hapo kwa muda wa karibu saa tatu. Samiha alimletea Ngatia chai kutoka kantini. Yeye mwenyewe hakunywa, na Ngatia akadhani amefunga.

"Sijui ni nani aliachilia hii nafasi," Ngatia akasema. "Labda mzazi alishikwa na uoga, akarudi nyumbani na mtoto. Mimi simlaumu. Namwombea mema tu."

"Amina," Samiha akasema, akageuza uso dirishani.

Mwishowe Tabby akatoka, barakoa ikining'inia shingoni.

"Imeenda vizuri, Baba Wakonyo. Anapumua mwenyewe."

Ngatia akafunika uso kwa kofia yake, akalia. Alipoinua kichwa, Samiha alikuwa amesimama. Mumewe, Othmani, alikuwa amefika kutoka Isiolo, viatu vimejaa vumbi. Othmani alimshika mkewe mkono, wakaondoka polepole.

"Asante sana kwa kunipigia simu," Ngatia akamwambia Tabby.

Tabby aliwatazama wale wawili mpaka wakakata kona.

"Si mimi niliyepiga. Sisi tulikuwa bado tumesimama pale kitandani pa Sumayya, hatujui tuseme nini. Mama Sumayya aliomba namba yako kwenye faili, akakupigia wewe kwanza, ndipo akampigia baba ya mtoto."