Keki Iliyogoma Kutoka

Ijumaa aliyofariki mke wa fundi kufuli ndiyo iliyokuwa Ijumaa ya kwanza, kwa miaka kumi na miwili, nyumba ile kukosa keki ya limau mezani. Hakuna aliyeitaja. Watu walikuwa wengi na chai ilikuwa nyingi. Binti yao alikaa kwenye kiti chake akitazama mahali sahani ya keki ilipozoea kuwekwa.

Wiki tatu baadaye binti akaacha kuja mezani siku za Ijumaa. Siku nyingine alikuja vizuri tu. Ijumaa alichukua kikombe chake, akajifungia chumbani. Fundi alishinda akifungua milango ya watu, ya chuma, ya mbao, iliyokatikiwa funguo ndani. Huu wa nyumbani kwake aligonga mara mbili, akaondoka.

Akaamua kuoka.

Kwanza alitoa masufuria ambayo mkewe aliyapanga ndani ya oveni, maana jiko lao lilikuwa dogo. Oveni iliposhika moto ikatoa harufu kali ya plastiki mpaka akafungua dirisha. Akapaka mafuta kwenye ile sufuria ya keki ya siku zote, akamimina unga aliokoroga, akasubiri. Keki ikaumuka ikapendeza. Akaipindua juu ya sahani.

Kimya.

Akagonga. Kimya. Akagonga kwa hasira, nusu ya keki ikaanguka kama udongo, nusu ikabaki imeng'ang'ania sufuriani.

Binti alichungulia. "Ya mama haikuwa inabomoka," akasema, akarudi chumbani.

Ijumaa ya pili fundi akaacha mafuta, akapaka siagi. Ikanata. Ijumaa ya tatu shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja kumwongoza. Alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

"Shemeji, hapo unapaka siagi au unapiga ukuta lipu?"

"Basi njoo upake wewe."

"Mimi? Ya kwangu naila kwa kijiko humo humo kwenye sufuria." Akacheka. "Nilimwomba dada anifundishe, sijui mara ngapi. Ananiambia njoo Jumamosi. Na keki anaoka Ijumaa! Alikuwa mchoyo wa siri yule."

Wakanyunyiza unga juu ya siagi, wakaupukuta. Wakakata karatasi ya kuokea, wakaitandika chini. Safari hii chini palitoka, pembeni pakagoma, na keki ikapasuka katikati.

"Iache ipoe kwanza ndiyo uipindue," shemeji akashauri. "Dakika kumi."

Ijumaa ya nne akaiacha dakika kumi. Ikabomoka. Akachanganya nyingine, akaiacha saa nzima. Hiyo ndiyo iliyonata kabisa, kama imepigiliwa misumari. Aliibandua kwa kisu, vipande vipande, jasho likimtoka.

"Kwake ulitoa," akaiambia sufuria, "kwangu unang'ang'ania. Nimekukosea nini?"

Akaiinua kwenye mwanga, akaikagua kama anavyokagua kitasa kibovu. Chini ya mikwaruzo yake mipya kulikuwa na mingine ya kisu, ya zamani, imezunguka sufuria nzima. Hakuitilia maanani. Kilichomuuma ni kwamba alijaribu kukumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akifanya, na hakukumbuka chochote. Kila Ijumaa alirudi kutoka kazini akakuta keki mezani, jiko limefutwa, hata bakuli moja chafu hakuna. Miaka kumi na miwili, na hakuwahi hata siku moja kurudi mapema akamtazama mkewe anapaka nini.

Jioni hiyo binti alikuja mwenyewe jikoni. Akatazama makombo, akamtazama baba yake.

"Baba, acha tu," akasema taratibu. "Si lazima."

Afadhali angenuna. Fundi alikaa jikoni peke yake, akala makombo yale mpaka yakaisha, ili yasionekane kesho.

Ijumaa ya tano hakuwasha oveni. Saa sita mchana alifunga kibanda chake, akaizungushia sufuria gazeti, akaenda nayo kwa mwokaji mikate, mtaa wa pili. Hakuwahi kuingia mle. Mkate ulinunuliwa na mkewe. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Mwanamume mzima, kwenda kuomba afundishwe kupaka siagi! Lakini mwokaji ndiye anayepindua keki kutwa. Kama kosa ni la sufuria, atajua. Kama kosa ni la mikono, basi amwambie, aache.

Mwokaji alikuwa mama mnene mwenye unga mpaka kwenye viwiko. Fundi akafungua gazeti juu ya kaunta.

"Samahani, mama, nina shida na hii..."

Mwokaji alikuwa ameshaichukua. Aliigeuza mara moja, uso wake wote ukachangamka, akaita kuelekea tanurini.

"Jamani, sufuria ya Ijumaa imerudi!" Kisha akamgeukia fundi. "Mwenyewe hajambo? Miezi miwili hajatuletea tumwokee, tukajua amepata kwingine. Ya limau, siyo? Saa kumi itakuwa tayari, kama kawaida."

Siku hizi, kila Ijumaa saa sita mchana, fundi hufunga kibanda na kupeleka sufuria. Saa kumi huifuata. Saa kumi na mbili binti huja mezani, wakala wawili.