Figo Nzima ya Mzee Lester

Taa nyekundu iliwaka, lakini Opal hakunyamaza.

"Dakika zako mbili zimekwisha, bibi," karani alimwambia.

"Mume wangu alichukua siku kumi na moja kufa. Na wewe utangoja!"

Ukumbi wa bunge la Texas ulijaa makoti meupe. Madaktari walikuwa wameletwa kwa mabasi kuunga mkono muswada. Ukipita, mahakama haitampa mtu zaidi ya dola laki mbili na nusu kwa maumivu yake, hata daktari afanye uzembe gani. Kura ilikuwa mchana ule ule. Mawakili watatu walikwishamwambia Opal wazi: muswada ukipita, kesi yake hawaigusi. Mzee mstaafu hana mshahara uliopotea, na kiasi hicho hakitafidia hata gharama za kesi. Daktari aliyemuua mumewe Lester ataendelea kupasua watu.

"Uvimbe ulikuwa kwenye figo ya kushoto," alisema. "Wakatoa ya kulia, nzima kabisa! Ati picha iligeuzwa. Alaa! Hata fundi viatu anajua kulia na kushoto!"

Mtu alicheka huko nyuma. Mwenyekiti wa kamati, aliyeuandika muswada, hakucheka. Asubuhi nzima alikuwa akiwagongea nyundo mashahidi bila huruma, lakini tangu Opal aketi hakuwa ameinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

Mjumbe mmoja akaingilia. "Bibi, tukiwaachia mawakili wawashtaki madaktari ovyo, vijijini hatabaki daktari hata mmoja. Pole sana, lakini marehemu alikuwa mzee, hana kazi..."

"Hana kazi? Miaka arobaini alilima pamba mpaka mgongo ukapinda! Akasomesha mtoto mpaka akawa mwanasheria! Leo ndiyo hana thamani? Mkuki kwa nguruwe!"

Hasira zilimpanda. Akamgeukia mwenyekiti.

"Na wewe mbona huniangalii? Inua uso, nasema na wewe!"

Mwenyekiti akafunua ukurasa mwingine.

Karani akakohoa. "Samahani, bibi. Kwa kumbukumbu za kikao, hukutaja jina lako, wala nani amekuleta."

"Andika Opal Hruska, mjane wa Lester Hruska. Nimekuja peke yangu," alisema, kidole kikimwelekea mwenyekiti, "kwa sababu mtoto niliyemzaa ndiye huyo aliyeshika nyundo."