Kikombe cha Kwanza

Mheshimiwa Muhdhar, mwakilishi wa wadi kwa mihula mitatu, aliufungua mfereji aliowaahidi watu wa Mji wa Kale tangu kampeni yake ya kwanza. Maji yakatoka, vigelegele vikapaa. Akakinga kikombe, akanywa mbele ya mtaa mzima.

Ilikuwa chumvi ile ile ya visima vyao.

Kamera zilikuwa usoni pake. Koo likakataa. Akalilazimisha, akameza, akajifuta midomo.

“Matamu,” akasema.

Bi kizee mmoja, aliyempigia kura mara zote tatu, akajongea. Akakinga kidole penye mfereji, akakiramba taratibu. Alikichukua kile kikombe, akakijaza pomoni, akamrudishia kwa mikono miwili.

“Ongeza, mwanangu.”