Tajiri Akiita

"Saadiya!"

Sauti ya tajiri ilimpasua masikio kwenye hedifoni. Ndege ndogo ile ni yake, na hoteli iliyokuwa chini yao Jambiani ni yake pia. Alikuwa akiipiga video, kila saa anataka washuke zaidi.

Saadiya ndiye rubani, lakini amelelewa na mama asiyetaka mchezo: mkubwa akikuita, unageuka, unamtazama, unaitika.

Akageuka. "Naam, bwana."

"Hebu lione paa langu!" Simu ikamjia mpaka puani, imejaa mafuta ya sambusa.

Aliporudisha macho mbele, mnara wa mtandao, aliousimamisha tajiri mwenyewe kwa ajili ya wageni wake, ulikuwa umejaa kiooni. Saadiya alivuta usukani, akailaza ndege ubavu. Mnara ukapita chini ya bawa, karibu hata akamwona kunguru aliyetua juu yake akiwashangaa.

"Ushaniharibia video!" tajiri akafoka. "Rudi tena pale, au leo ndo mwisho wako kurusha ndege yangu. Saadiya! Si nnakwita?"

Saadiya alichomoa waya wa hedifoni ya tajiri. Midomo ikaendelea kucheza kama ya samaki changu ndooni.

Akaielekeza ndege uwanjani, macho mbele, wala hakuitika.