Akisema Salama, Nyamaza

Simu iliita, upawa ukamponyoka Edina na kudumbukia ndani ya maharage. Kumbe ni dereva wa lori tu, amekwama kwenye foleni ya mpakani, anaulizia kama ugali uko tayari.

"Habari za leo, Mama Ruti?" Ikupa alisalimu, akiingia kibandani na kompyuta yake kwapani.

"Nzuri, mwanangu. Ila sijalala."

Hakuhitaji kueleza. Mumewe Zabron alikuwa Saza kwenye mashimo ya dhahabu, pamoja na mdogo wake Fanuel, na mvua za mwaka huo zilikuwa zimepamba moto. Kila simu ilipoita, Edina alijua ni habari ya kufukiwa. Wateja wake nao, kwa kupigapiga ovyo, walikuwa wanammaliza taratibu bila kujua.

Ikupa alikuwa anasomea shahada ya pili Dar es Salaam. Alitaka kompyuta ielekezwe na mtu yeyote, kwa Kiswahili cha nyumbani, badala ya zile alama zinazofanana na vifaranga waliokanyaga wino. Msimamizi wake, Dokta Nathanaeli, alimwambia wazi kwamba hizo ni ndoto za mchana. Sasa amekuja Tunduma kujionea mwenyewe, kaketi na suti yake kwenye benchi la mama lishe, akikwepa matone ya paa.

"Iambie unachotaka, mama," Ikupa alisema. "Kama unavyomwambia dada wa kazi."

Edina alifuta mikono kwenye khanga, akafikiri, akaandika kwa kidole kimoja:

"Kila asubuhi msalimie Baba Ruti kwa jina langu. Akisema salama, nyamaza, usinishtue. Asiposema salama, piga kelele mpaka nije."

Dokta alisoma, akavua miwani, akasoma tena. "Hii ni programu kamili. Nani kamfundisha?"

"Hakuna, Dokta. Ndivyo anavyoongea."

Salamu ikatumwa palepale kwenye simu ya Zabron, kule Saza. Wakasubiri. Edina alisahau ugali jikoni, ukaanza kunuka kuungua, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Alikuwa anaitazama ile mashine kama mtu anayemtazama daktari akitoka chumba cha upasuaji.

Taa ndogo ikawaka. Jibu limeingia.

Hakukuwa na kelele. Walisubiri kidogo zaidi, na bado kimya.

"Imenyamaza!" Edina alipiga kigelegele. "Jamani, Jenista, njoo uone, baba watoto ni mzima!" Jenista, jirani wa kibanda cha pili, alikuja mbio wakakumbatiana. Edina alirudi jikoni akicheka peke yake, akamwekea Dokta nyama kubwa ambayo hata hakuiagiza. Ikupa alifurahi hadi machozi yakamlenga. Tangu afike hapo hakuwahi kumwona mama huyu akicheka.

"Nilikosea, binti," Dokta alisema, akimpa mkono. "Umefaulu. Hebu nione ilivyolisoma hilo jibu."

Ikupa alimgeuzia kioo. Neno la kwanza lilikuwa na rangi ya kijani. Kompyuta iliridhika nalo, haikwenda mbele zaidi.

"Salama, shemeji. Ni mimi Fanuel. Ila shimo limeporomoka alfajiri, na kaka hatujamtoa."